Kushusha pikipiki ndefu kwa vibao vya kiungo: KLR650 na ndugu zake

Kubadilisha vibao vyenyewe ni kazi ya saa moja au mbili. Siku iliyobaki inaliwa na shokapu za mbele, stendi, cheni na madigadi, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa sababu mfungaji alikunja spana zake pale nyuma ilipokaa chini tu.

Mwongozo huu ni wa pikipiki zenye shokapu moja ya nyuma inayofinywa kupitia kiungo, yaani ile mikono midogo iliyopo chini, mbele ya gurudumu la nyuma. Mfano tunaoutumia ni Kawasaki KLR650 ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia 2008 hadi 2018. Siti yake iko mm 890 kutoka chini, gurudumu la mbele linapanda na kushuka mm 200, la nyuma mm 185. Honda CRF250L, yenye siti ya mm 875, inafuata mantiki hiyohiyo ingawa umbo la kiungo chake ni tofauti. Boxer BM150 na TVS HLX hazimo: hizo zina shokapu mbili zilizofungwa moja kwa moja kati ya fremu na swingamu (mkono mkubwa unaoshika gurudumu la nyuma), hazina kiungo cha kubadilisha.

Kinachotokea chini ya siti

Kwenye KLR, chini ya shokapu kuna kipande cha pembe tatu ambacho hapa tutakiita roka (usichanganye na roka za valvu). Roka imeshikwa na fremu, imeshikwa na shokapu, na kona yake nyingine imeunganishwa na swingamu kwa vibao viwili vinavyofanana, kimoja kila upande. Gurudumu likipanda, swingamu inavivuta vibao, vibao vinazungusha roka, roka inafinya shokapu.

Ukiweka vibao virefu zaidi, swingamu inapanda kidogo kabla vibao havijaanza kuivuta roka. Shokapu haijabadilika urefu, lakini pikipiki imekaa chini. Kwa kuwa kiungo ni leva, urefu wa milimita chache kwenye kibao unazaa milimita nyingi kwenye gurudumu. Ndiyo maana kibao kilichotobolewa kwa kukadiria ni hatari: kosa dogo kwenye tundu linakuzwa huko nyuma. Na si kila pikipiki ambayo kibao kirefu kinaishusha. Kuna miundo ambayo kiungo kimegeuzwa, na humo kibao kifupi ndicho kinachoshusha. Nunua kilichoandikwa modeli na mwaka wa pikipiki yako, usiazime cha jirani.

Mambo matatu yanabadilika pamoja na urefu. Leva inabadilika, hivyo springi ileile huhisi laini zaidi. Tairi linakaribia madigadi, kwa sababu shokapu bado ina safari yake yote (umbali wa kupanda na kushuka) ilhali gurudumu limeanzia juu zaidi. Na pikipiki inainama kwa nyuma, pembe ya usukani inalala. Umbali kati ya ekseli mbili za KLR ni mm 1,480, kwa hiyo ukishusha nyuma peke yake mm 40, pikipiki nzima inageuka nyuzi 1.5. Inaonekana ndogo. Barabarani utaiona: usukani unakuwa mwepesi, kona inachelewa kuingia, na ukiwa na mzigo nyuma gurudumu la mbele linatangatanga. Taa ya mbele nayo inapanda karibu sm 26 kwenye ukuta ulio mita 10 mbele, na wanaokuja upande wa pili watakuwashia taa usiku kucha.

Ushushe kiasi gani

Kidogo kuliko unavyofikiri. Huhitaji nyayo mbili bapa chini. Mpanda farasi wa chuma anayekanyaga kwa nusu ya mbele ya unyayo mmoja, mguu mwingine ukiwa kwenye breki, ana uwezo wa kutosha wa kuizuia pikipiki isianguke. Milimita 25 hadi 30 huleta tofauti kubwa na haziudhi kitu kingine sana. Ukivuka mm 40, kila kitu kilichoorodheshwa humu kinaanza kudai haki yake.

Kabla ya kununua, jaribu vya bure. Siti pana mbele hula urefu wa mguu: fundi wa viti akipunguza sponji mm 20 na kuchonga mabega ya siti, mguu unashuka wima badala ya kuzunguka. Buti lenye soli nene linaongeza mm 10 au zaidi. Angalia pia kama springi ya nyuma imekazwa kupita kiasi. Shokapu ya KLR ina ngazi tano za kukaza springi, na mpandaji wa kilo 60 anayeendesha kwenye ngazi ya tano amejipandishia siti mwenyewe. Na kama pikipiki yako ni Suzuki DR650SE, usinunue vibao kabisa kwanza: kiwanda kimeacha nafasi ya kuifungia shokapu mahali pengine na kupanga upya vipande vya ndani ya shokapu za mbele, siti ikashuka kutoka mm 885 hadi mm 845, mbele na nyuma kwa pamoja.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kufungua nati

Andika kwenye karatasi, si kichwani.

Inyanyue pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka katikati ya ekseli kwenda juu hadi alama uliyoiweka kwenye fremu ya nyuma au madigadi, kwa tepu ya karatasi na kalamu. Kisha pima nafasi kati ya uso wa tairi na kitu kigumu cha kwanza ambacho tairi litakutana nacho likipanda: mara nyingi ni sehemu ya ndani ya madigadi, wakati mwingine ni kichwa cha bolti, kishikio cha namba, au waya wa taa ya nyuma.

Sasa hesabu. Tuseme nafasi hiyo ni mm 240 gurudumu likining'inia. Toa safari ya mm 185, unabaki na mm 55 shokapu ikifika mwisho. Ukishusha mm 30, zinabaki kama 25. Ukishusha mm 50, zinabaki 5, na tairi likivimba kwa mwendo au likibeba tope hakuna kitu. Usikubali chini ya mm 15. Bolti ambazo ncha zake zinachungulia ndani ya madigadi zigeuze, kichwa cha mviringo kiwe upande wa tairi na nati juu. Watu wengi wamekatwa tairi na bolti moja ya kishikio cha namba.

Chukua na haya: urefu wa mirija ya shokapu za mbele inayochungulia juu ya kibano cha juu (kile kinachoishika mirija chini ya usukani), kushoto na kulia, ulegevu wa cheni ikiwa kwenye stendi, mahali mwanga unapopiga ukutani kwa mita 10 mpandaji akiwa juu, na nyuzi ambazo pikipiki inalala ikiwa kwenye stendi ya pembeni. Hiki cha mwisho kipime kwa programu ya pima-maji ya simu, simu ikiwa imelazwa kwenye diski ya breki ya mbele, usukani umenyooka, sakafu iwe ya saruji iliyo sawa. Bila namba hiyo utakata stendi kwa kubahatisha.

Kukagua vibao

Vya dukani hutengenezwa kwa chuma au aluminiamu ngumu. Viweke viwili pamoja, pitisha bolti kwenye matundu yote mawili: zinatakiwa ziingie kwa mkono, bila kulazimisha na bila kucheza. Umbali wa matundu pima kwa venia (kipimio cha taya za kuteleza), kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, kisha ongeza kipenyo cha tundu moja. Vibao viwili vikitofautiana hata nusu milimita, kimoja kinabeba mzigo wote, roka inajipinda, na beringi za upande huo zinakufa kabla ya mwaka. Angalia pia unene: kibao kinene kuliko cha kiwanda kinaweza kugusa cheni au kufanya bolti isitoe meno ya kutosha nje ya nati. Nati ikikazwa, meno mawili yaonekane.

Je, fundi wa mtaani anaweza kuvichonga? Anaweza, kama ana mashine ya kutoboa ya kusimama, na kama atavibana vibao viwili pamoja na kuvitoboa kwa mpigo mmoja. Tundu litobolewe dogo kwanza, limaliziwe kwa rima, yaani kekee ya kusawazisha tundu. Ambacho hakiruhusiwi ni kukata kibao cha kiwanda katikati na kuchomelea kipande. Joto la weldi linalegeza chuma pembeni mwa mshono, na kibao kinavutwa na kuachiwa maelfu ya mara kwa safari moja ya vumbi. Kikikatika, gurudumu la nyuma linapanda hadi kwenye madigadi na kusimama.

Vifaa

Soketi na spana za pete, mara nyingi 14, 17 na 19, mbili za kila saizi kwa sababu kichwa na nati vinashikwa kwa pamoja. Spana ya torki. Nyundo ya plastiki na kipande cha shaba au mti mgumu cha kugongea. Mafuta ya kulainisha kutu. Mafuta ya taa na brashi. Grisi isiyoshikika na maji. Nati mpya zenye nailoni ikiwa zako ni za aina hiyo. Jeki au kreti gumu, vipande vya mbao vya unene tofauti, kamba, na mpira wa tyubu.

Kama huna spana ya torki, mizani ya kuning'iniza inasaidia: vuta mwisho wa spana ya nusu mita kwa pembe mraba, kilo 10 kwenye mizani ni karibu Nm 49. Si sahihi kama chombo chenyewe, ila inashinda kukaza hadi uso ubadilike.

Hatua ya 1: Osha na uloweke

Kiungo kinakaa mahali ambapo gurudumu hurusha kila kitu. Osha tope lote, acha ikauke, puliza mafuta ya kutu kwenye bolti zote za kiungo usiku mmoja kabla. Piga picha kushoto na kulia, ionekane kila bolti imeingia kutoka upande gani. Si mapambo: baadhi zimeingizwa upande fulani ili kichwa kisiguse cheni au ekzozi.

Hatua ya 2: Legeza kabla ya kunyanyua

Magurudumu yakiwa bado chini, legeza nati za vibao robo tu ya mzunguko. Ukisubiri pikipiki iwe juu ya jeki ndipo uvute spana ndefu, utaivuta na pikipiki. Shika kichwa cha bolti kisizunguke, geuza nati. Bolti inayozunguka ndani ya bushi iliyokauka inaikwaruza.

Hatua ya 3: Nyanyua

Funga lever ya breki ya mbele kwa mpira wa tyubu, weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu la mbele, na kama una boriti ya paa funga kamba kwenye usukani kwa usalama. Weka jeki chini ya mabomba ya fremu au bati la kukinga injini lililoshikwa na fremu. Usiweke chini ya bomba la ekzozi wala chini ya kifuniko cha oili. Hakikisha jeki haizibi njia ya bolti za kiungo; kosa hili hugunduliwa wakati bolti imetoka nusu.

Nyanyua hadi tairi la nyuma liache ardhi kama mm 10, kisha ingiza mbao nyembamba chini yake. Lengo ni uzito wa gurudumu ukae kwenye mbao, usining'inie kwenye bolti na wala usisukume juu. Hii ndiyo siri ya kazi yote. Bolti inayokataa kutoka baada ya nati kuondolewa kwa kawaida haijashika kutu. Imebanwa na mzigo. Ongeza au punguza mbao milimita mbili tatu, itikise, itateleza kwa kidole. Mwenye kupiga nyundo hapo anaharibu meno ya bolti nzima.

Hatua ya 4: Toa vibao vya zamani

Toa bolti ya upande wa swingamu kwanza, kisha ya upande wa roka. Kuna pikipiki ambazo bolti moja hugonga fremu au ekzozi kabla haijatoka yote. Badilisha kimo cha gurudumu, inyanyue swingamu kwa mkono hadi tundu lielekee kwenye nafasi wazi. Isipowezekana, legeza ekzozi au toa bolti ya chini ya shokapu ili roka izunguke. Vibao vikitoka, roka inabaki huru na gurudumu halina kinacholizuia, kwa hiyo mbao chini ya tairi zisiguswe.

Hatua ya 5: Beringi, kwa kuwa umeshafika

Hakuna sababu ya kufunga vibao vipya juu ya beringi kavu. Ndani ya swingamu na roka kuna bushi laini za chuma zinazozunguka ndani ya beringi za sindano. Sukuma bushi zitoke taratibu juu ya sinia, maana kwenye baadhi ya beringi sindano hazina kizimba cha kuzishika na zitamwagika. Zihesabu, kila tundu linatakiwa lirudi na idadi yake. Osha kwa mafuta ya taa, kausha. Bushi yenye rangi ya bluu au kahawia lakini laini bado inafaa. Yenye vishimo vya kutu, au michirizi unayoihisi kwa kucha, ibadilishe pamoja na beringi yake. Pakia grisi hadi ijae kati ya sindano, paka mdomo wa sili, rudisha. Futa tu ile inayozidi nje.

Pikipiki iliyovuka mito au kuoshwa kwa mashine za presha kila wiki ifanyiwe hivi kila mwaka, vibao au bila vibao.

Hatua ya 6: Funga vipya

Paka grisi nyembamba kwenye mwili wa bolti, si kwenye meno kama maelekezo yanataka meno makavu. Vibao vyenye mkunjo au maandishi vikae kama karatasi ya mtengenezaji inavyosema, kwa kawaida maandishi nje. Ingiza bolti ya roka kwanza, halafu inyanyue swingamu kidogo kidogo kwa mbao hadi tundu la pili lilingane. Hapa utaona kimo cha mbao kimebadilika. Ndicho kiasi ulichoshusha. Bolti zipite kwa mkono. Weka washa zilizokuwepo, funga nati kwa vidole, kisha zungusha swingamu juu na chini uone kama kuna kinachogusana: kibao na swingamu, kibao na cheni, bolti na ekzozi.

Ndipo ukaze. Namba sahihi iko kwenye kitabu cha huduma cha pikipiki yako, na hiyo ndiyo ya kufuata, kwa kuwa bolti za unene mmoja hukazwa tofauti kulingana na chuma chake na kilichomo ndani. Kiungo chenye beringi za sindano kinaweza kukazwa gurudumu likiwa mahali popote. Chenye bushi za mpira kikazwe pikipiki ikiwa chini na mtu amekaa juu. Ukikikaza kikining'inia, mpira unabaki umesokotwa muda wote na kuchanika. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye kibao, ili nati ikijigeuza uione bila spana.

Hatua ya 7: Mbele

Sasa shusha mbele ili pembe ya usukani irudi karibu na ilivyokuwa. Shokapu za mbele za KLR zimelala nyuzi 28, kwa hiyo kuisukuma mirija juu mm 28 kunashusha mbele karibu mm 25. Si lazima ilingane kabisa na nyuma. Nyuma ikishuka 30 na mbele 20 hadi 25, wengi wanaridhika. Ila usishushe mbele kuliko nyuma: usukani unakuwa mkali, na kwenye changarawe ya mwendo kasi unaweza kuanza kutetemeka mikononi.

Pima kwanza nafasi. Mbele ikining'inia, pima kati ya tairi au madigadi ya mbele na kibano cha chini, toa safari ya mm 200, kisha toa kiasi unachotaka kushusha. Lazima kibaki kitu. Angalia pia kama vichwa vya mirija vitagonga usukani. Kwenye shokapu zilizogeuzwa, kama za CRF250L, mrija mnene ndio uko juu na una sehemu maalumu iliyonyooka ya kubanwa. Kibano kisitoke kwenye sehemu hiyo.

Tegemeza pikipiki chini ya injini, gurudumu la mbele likigusa ardhi kidogo. Legeza bolti za kibano cha juu pande zote mbili, halafu za chini upande mmoja baada ya mwingine, na ushushe jeki kwa utaratibu. Mirija iteleze mm 5 kwa mara. Ikigoma, ni kutu au mchanga: futa, usiizungushe kwa koleo. Pima kushoto na kulia kwa venia, tofauti isizidi nusu milimita, la sivyo ekseli inakaa mshazari na shokapu zinakwama. Kaza chini kwanza, kisha juu, kwa torki ya kitabu. Vibano hivi havitaki nguvu nyingi. Vikikazwa kupita kiasi vinaubana mrija ukawa yai, na kibano cha aluminiamu hupasuka. Mwisho legeza bolti za kubana ekseli, shika breki, pampu mbele mara tano sita, kaza tena. Zungusha usukani kutoka kona hadi kona, hakikisha kebo na mpira wa breki havivutwi.

Hatua ya 8: Stendi ya pembeni

Pikipiki iliyoshushwa mm 30 ikiwekwa kwenye stendi yake ya zamani inasimama karibu wima. Upepo wa lori linalopita, au mtoto anayeshika usukani, unaiangusha upande wa kulia. KLR ina tangi la lita 23. Si kitu cha kuinua kwa furaha.

Kipimo cha kukata kinapatikana hivi. Stendi ikiwa chini kwenye saruji, weka mbao za unene sawa chini ya magurudumu yote mawili, ongeza hadi simu isome nyuzi zilezile ulizoandika mwanzo. Unene wa mbao ndio makadirio yako ya kukata. Kata mm 5 pungufu. Toa stendi kwenye pikipiki, usiichomelee ikiwa imefungwa: umeme wa weldi unaweza kuua vifaa vya umeme, na swichi ya stendi inayozima injini ina waya hapohapo. Kata kipande kutoka kwenye mguu wenyewe, si kwenye sahani ya chini, na uhakikishe sahani inarudi kwa pembe ileile. Kama ni bomba, ingiza ndani yake kipande cha chuma kizima chenye urefu wa mm 50 hivi, chonga kingo zote mbili, pachika nukta mbili za weldi, rudisha stendi, jaribu tangi likiwa limejaa. Ikikaa sawa ndipo umalizie mshono mzima kuzunguka. Dabo stendi, kama ipo, itakuwa ngumu kupandisha au haitanyanyua tairi tena; nayo ifupishwe au iondolewe.

Cheni, springi na taa

Swingamu sasa imelala zaidi, hivyo ulegevu wa cheni ulioandikwa kitabuni haupimwi mahali palepale. Cheni inabanwa zaidi pale sproketi ya mbele, mhimili wa swingamu na ekseli ya nyuma vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Ivute nyuma chini kwa mkanda wa kufungia mizigo, au ikalieni watu wawili, hadi vifike kwenye mstari huo, na mtu wa tatu aiguse cheni: ibaki na mchezo wa mm 10 hadi 15. Ikikaza kama uzi wa gitaa hapo, beringi ya shafti ya gia ndiyo itakayolipa.

Springi pima upya. Gurudumu likining'inia, kisha mpandaji akiwa amekaa na mavazi yake yote, tofauti iwe karibu theluthi moja ya safari: kwa mm 185 ni kama mm 60. Kwa sababu leva imebadilika, utakuta pikipiki inazama zaidi kuliko zamani. Panda ngazi moja au mbili. Kama ngazi ya tano haitoshi, springi ni laini kwa uzito wako na inahitaji kubadilishwa; kuendelea kuikaza kunapandisha siti na kukurudisha ulikotoka.

Taa ishushwe hadi alama yako ya ukutani.

Jaribio na dalili

Bandika tepu ya karatasi ndani ya madigadi juu ya tairi, na nyingine juu ya gurudumu la mbele. Endesha polepole kwenye matuta, kwanza peke yako, halafu na mzigo wa kawaida. Tepu ikichanika au ikiwa na alama ya mpira, umeshusha kupita nafasi uliyonayo. Kaza springi zaidi au rudi kwenye vibao vifupi. Kukata madigadi kunasaidia tu kama kilichoguswa ni plastiki na si fremu.

Mlio wa "tak" nyuma unapofunga breki au kuachia mafuta ni bolti iliyolegea au tundu la kibao lililo pana. Mlio wa kusaga, hasa baada ya kuoga mvua, ni beringi. Pikipiki inayoyumba taratibu kwa mwendo wa barabara kuu, hasa ikiwa na masanduku nyuma, nyuma yake imeshuka sana kuliko mbele. Sukuma mirija ya mbele juu mm 5 na ujaribu tena. Ikipiga chini kwenye kila shimo, tafuta springi, si vibao.

Kumbuka pia umebadilisha nafasi ya tumbo. KLR ina mm 210 chini yake ikiwa mpya. Ukiondoa 30, mawe na makalvati yaliyokuwa yanapita sasa yanagusa bati la injini, na kanyagio zinagusa mapema kwenye kona.

Kagua mistari ya rangi kwenye nati baada ya km 100 na tena baada ya km 500. Vibao vya kiwanda usivitupe. Vifunge pamoja na bolti zake kwenye mfuko ulioandikwa, maana atakayeinunua pikipiki hiyo huenda ni mrefu.